Betri imejaa, lakini birika likiwashwa inveta inazima

Msomaji mmoja amegeuza gari lake la mizigo kuwa gari la kambi, lenye kitanda, meza na jiko dogo. Nyuma ameweka betri moja ya AGM ya ampea-saa 100, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa volti 230 kama wa soketi za nyumbani) ya wati 2000 iliyounganishwa kwa kebo za milimita za mraba 16, zenye urefu wa mita 3 kila upande. Anachajia laptopu na simu mbili, anawasha taa na feni, ana friji ndogo ya safari, blenda, na birika la umeme la wati 1500. Vyote vinakwenda vizuri mpaka awashe birika. Inveta inaanza kulia, na baada ya dakika moja hivi inajizima, ingawa muda mfupi kabla betri ilisoma volti 12.7. Anauliza: anunue inveta kubwa zaidi, au aongeze betri ya pili? Na mambo yakizidi, anaweza kuazima nguvu kwenye betri ya kuwashia injini?

Ndugu yangu, kwanza usinunue chochote.

Inveta yako haijashindwa na birika. Inacholalamikia ni umeme unaoifikia kutoka kwenye betri, ambao umeshuka chini ya kiwango ilichopangiwa kukubali. Inveta nyingi za volti 12 huanza kulia volti zikikaribia 11, na hujizima zikifika 10.5 hivi, ili betri isikamuliwe mpaka ikaharibika. Ile 12.7 uliyoiona ilikuwa ya betri iliyopumzika. Kinachotakiwa kujulikana ni inasoma ngapi wakati birika linachemka.

Tupige hesabu. Wati ni volti mara ampea. Birika la wati 1500 kwenye soketi ya nyumbani yenye volti 230 huvuta ampea 6.5 tu, ndiyo maana waya wake ni mwembamba na hakuna anayeuwazia. Upande wa betri volti ni 12, na inveta yenyewe hupoteza kama asilimia 12 ya umeme kwa joto. Kwa hiyo wati 1500 za birika zinakuwa wati 1700 kutoka kwenye betri, yaani ampea 142. Tena volti zinaposhuka, inveta huvuta ampea nyingi zaidi ili birika lipate wati zilezile. Volti zikiwa 10.8, ampea zinafika 158, na hizo nazo zinazidi kuzishusha volti.

Sasa zitazame kebo zako. Shaba ya milimita za mraba 16, mita 3 kwenda na mita 3 kurudi, ina ukinzani wa omu 0.0065 hivi. Unaonekana si kitu, mpaka uuzidishe kwa ampea 142: volti 0.9 zinaishia njiani, na wati 130 zinageuka joto ndani ya kebo. Betri nayo ina ukinzani wake wa ndani, na kwa mzigo huo volti zake hushuka kwa volti moja au zaidi. Chukua 12.7, ondoa moja na kitu ya betri, ondoa 0.9 ya kebo, ondoa kidogo tena kwenye viungio vya fyuzi na ncha za betri. Umeshafika kwenye king'ora.

Usiniamini kwa maneno, pima. Jaza maji kwenye birika, liwashe, na kwa mita ya kawaida soma volti mahali pawili: kwenye ncha zenyewe za betri, kisha kwenye ncha za inveta. Fanya haraka, lakini bila kugusanisha vyuma. Betri ikisoma 11.5 na inveta 10.5, umeibiwa volti nzima na kebo na viungio, na hata ungenunua inveta ya wati 5000 mwizi angebaki palepale. Betri yenyewe ikianguka chini ya 11 mara tu birika linapowaka, basi betri ndiyo dhaifu, au imezeeka, au ni ndogo kwa kazi hiyo. Kwa vifaa ulivyonieleza, nategemea utayakuta matatizo yote mawili, kila moja likiongeza lake. Ukimaliza kupima, zima birika, kisha pitisha mkono karibu na kila kiungio bila kukigusa. Penye joto kuliko pengine pana skurubu iliyolegea au kebo iliyobanwa vibaya.

Kutibu kebo ni kazi rahisi. Isogeze inveta karibu na betri. Watu wengi hufanya kinyume: huweka inveta karibu na meza ili soketi ziwe jirani, wakavuta kebo nene za betri kupita gari zima. Umeme wa volti 230 unasafiri vizuri kwenye waya mwembamba, ule wa volti 12 hausafiri. Ukiweka kebo za milimita za mraba 50 zenye urefu wa mita moja kila upande, zile ampea 142 zitapoteza volti 0.1 tu.

Kwenye ncha ya chanya, ndani ya sentimita 20 hivi kutoka kwenye betri, lazima pawe na fyuzi. Hukuitaja, nami naogopa haipo. Betri hata ndogo, ikipigwa shoti, inaweza kutoa zaidi ya ampea 1000 kwa mkupuo, na kebo iliyochubuka kwenye bodi ya gari huwa nyekundu na kuwasha moto kabla hujafungua mlango. Fyuzi iliyo mwisho wa kebo, upande wa inveta, haisaidii, kwa sababu kebo yote iliyo kabla yake haina ulinzi. Kwa inveta ya wati 2000, fyuzi ya ampea 200 hadi 250 ndiyo inayotumika, na kebo lazima iweze kubeba ampea nyingi kuliko fyuzi. Katika yote niliyoandika hapa, hili usililaze mpaka kesho.

Nirudi kwenye betri, maana kebo nzuri pekee haitakupa chai kila asubuhi. Betri yako imeandikwa ampea-saa 100, lakini namba hiyo ina masharti. Watengenezaji wa betri za risasi na asidi, na AGM ni mojawapo, hupima kwa kuvuta taratibu kwa saa 20, yaani ampea 5 mfululizo. Ukivuta kwa nguvu zaidi, betri hiyohiyo inatoa kidogo zaidi. Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza jambo hili kwa kanuni mwaka 1897, na betri za risasi bado zinaifuata. Ukivuta ampea 142, usitarajie zaidi ya nusu ya ile 100, pengine utapungukiwa hata hapo. Isitoshe, betri ya risasi inayoshushwa chini ya nusu mara kwa mara haiishi muda mrefu. Ukiitumia kwa mzigo mdogo, una wati-saa 600 za kutumia kwa amani, yaani nusu ya ampea-saa 100 mara volti 12. Kwa mzigo wa birika, pungufu ya hapo.

Kwa betri kama yako, mzigo wa kuendelea ambao haiuchukii ni ampea 30 hadi 50, yaani wati 300 hadi 500 za vifaa. Inveta ya wati 2000 uliyonayo ni kubwa kuliko betri inayoilisha, na kubwa zaidi haitaongeza chochote.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu wengi, nami nataka ulishike. Wati ni kasi ya kuchota maji, wati-saa ni maji yaliyochotwa. Blenda ya wati 400 inatisha kwa kelele, lakini ukiisagia kwa dakika 2 umetumia wati-saa 13 tu. Feni ya wati 25 haisikiki, lakini ikizunguka usiku kwa muda wa saa 6 imekula 150. Inveta huchaguliwa kwa wati, betri huchaguliwa kwa wati-saa, na anayechanganya hesabu hizi mbili hununua kitu kisichomsaidia.

Birika lina ubaya wa pande zote mbili. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 kunahitaji wati-saa 93, na hapo hakuna ujanja, ni maumbile ya maji. Ongeza joto linalopotea birikani na kwenye inveta, unafika 120 hivi. Hiyo ni sehemu ya tano ya akiba yako ya siku kwa lita moja. Vifaa vyote vinavyotengeneza joto viko hivyo: pasi, kibaniko cha mkate, draya ya nywele, jiko la umeme. Maikrowevu inastahili onyo lake, kwa sababu wati zinazotangazwa mbele yake ni zile zinazoingia kwenye chakula. Maikrowevu ya wati 700 huvuta 1100 hivi kutoka kwenye soketi.

Ushauri wangu ni kwamba maji yachemshwe kwa gesi. Mtungi mdogo una nishati ambayo ungehitaji betri nyingi kuifikia, nawe una jiko tayari. Fungua dirisha au tundu la hewa kila unapowasha, weka kitambuzi cha hewa ya monoksidi ya kaboni, na jiko hilo lisiwe la kupashia gari joto usiku. Ikiwa gesi huitaki kabisa, nunua birika dogo la safari la wati 600 na uchemshe maji ya vikombe unavyokunywa, si lita nzima. Nishati ni karibu ileile kwa kila kikombe, lakini ampea zinashuka hadi 57, na inveta yako itakaa kimya. Utasubiri kama dakika 10 kwa lita moja. Birika za volti 12 zinazochomekwa kwenye soketi ya kiberiti sizipendekezi: nyingi ni za wati 150 hivi, na lita moja inaweza kuchukua dakika 45 au zaidi. Soketi yenyewe huwa na fyuzi ya ampea 10 hadi 20, kwa hiyo hata inveta ndogo ya kuchomeka hapo isibebeshwe zaidi ya wati 120 au 150.

Friji yako ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu. Umesema imechomekwa kwenye inveta kwa adapta yake. Friji hizo ndogo za safari zenye kompresa nyingi zinatumia volti 12 tangu ndani. Kwa hiyo unachukua volti 12 za betri, unazipandisha kuwa 230 kwa hasara, kisha adapta inazishusha tena kuwa 12 kwa hasara nyingine. Mbaya zaidi, inveta inalazimika kukaa macho mchana na usiku. Inveta ya ukubwa wako, bila kubeba mzigo wowote, huweza kula wati 15 kwa kuwa tu imewashwa. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 360, zaidi ya nusu ya akiba yako yote, na hujapoza hata chupa moja ya maji. Vuta waya wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi mpaka kwenye friji na uichomeke moja kwa moja. Feni na taa vilevile ziwe za volti 12. Laptopu, kama inachajiwa kwa USB-C, inunulie chaja ya gari ya wati 65 badala ya kupitia inveta. Ukifanya hivyo, inveta itabaki ya blenda na kazi za dakika chache, nawe utaiwasha unapoihitaji na kuizima ukimaliza. Sijui hatua nyingine ya bei ndogo inayorudisha nguvu nyingi kama hii.

Siku yako basi inakuwa hivi: friji ya wati 45 inayofanya kazi kama asilimia 40 ya muda ni wati-saa 430. Laptopu saa 3, 180. Feni 150. Taa na simu, 80. Blenda, 13. Jumla ni 850 na kidogo, bila birika. Akiba yako ya AGM ni 600. Kwa hiyo betri ya pili inahitajika kweli, au chaji ya kila siku, au vyote viwili, lakini kwa sababu ya friji na laptopu, wala si kwa sababu ya birika ulilolilaumu.

Kuhusu chaji. Paneli ya sola ya wati 200 iliyolala bapa juu ya paa hutoa kama wati-saa 700 siku yenye jua kali kwa muda wa saa 5, na siku ya mawingu mazito inaweza kushuka hadi 150. Chaja ya betri-kwa-betri ya ampea 30, inayochukua umeme wa alteneta (jenereta ya gari) injini ikizunguka, inatoa karibu wati-saa 400 kwa kila saa ya kuendesha. Ukiwa mtu wa kuhama kila siku, chaja hiyo inakutosha kuliko sola. Ukiwa mtu wa kutia nanga mahali pamoja siku tatu au nne, sola ndiyo itakayokulisha. Lakini betri ya risasi haili haraka: ikifika asilimia 80 hupunguza ampea yenyewe, na ile asilimia 20 ya mwisho huchukua saa nyingi hata chaja iwe kubwa kiasi gani. Nayo inataka ijae kabisa mara kwa mara, la sivyo salfeti huganda kwenye bamba zake na uwezo unapungua usirudi.

Hapo ndipo betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma inapojitetea. Ampea-saa 100 zake ni wati-saa 1280, na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza. Ina kilo 12 hivi, wakati AGM ya ukubwa huo ina karibu 30. Inapokea chaji kwa kasi karibu mpaka mwisho, haidai kujazwa, na hudumu mizunguko 2000 au zaidi, wakati AGM inayoshushwa nusu hupata mamia kadhaa. Haimjali sana Peukert. Kwa matumizi yako ningechukua moja ya ampea-saa 200 na kuachana na wazo la AGM ya pili. Inakubeba siku mbili na ushei bila jua wala injini.

Ina masharti yake. Ndani yake mna saketi ya ulinzi yenye kikomo cha ampea, na betri nyingi za ampea-saa 100 zimewekewa kikomo cha ampea 100, kwa hiyo hazitalisha zaidi ya wati 1100 hivi za vifaa. Ili inveta yako ya wati 2000 itumike yote, inahitaji betri inayoruhusu ampea 180 mfululizo, basi soma namba hiyo kwenye kibandiko kabla ya kulipa. Usiichaji kukiwa na baridi chini ya nyuzijoto 0, maana madini ya lithiamu huganda juu ya bamba na uharibifu huo hautibiki. Kuitumia kwenye baridi hiyo inaruhusiwa, kuichaji hapana. Usiiunganishe moja kwa moja na alteneta, kwa sababu itavuta ampea nyingi kwa muda mrefu mpaka alteneta iungue, ndiyo maana ya ile chaja ya katikati. Na mita ya volti haitakwambia imebaki ngapi: inakaa kwenye 13.2 au jirani kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kisha inaanguka ghafla. Funga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka, ile yenye shanti, kipande cha chuma cha kupimia ampea, kwenye upande wa hasi.

Ukiamua kubaki na AGM kwa sababu ya gharama, sitakulaumu, ila usiunganishe mpya na iliyochakaa. Ile ya zamani huivuta mpya chini na zote mbili huzeeka pamoja. Ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja, ziunganishwe chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kisha kebo ya chanya ya inveta ichukuliwe kwenye betri moja, ya hasi kwenye nyingine, ili mzigo ugawanyike sawa. Yoyote utakayochagua, ifunge kwa mkanda imara kwenye sakafu. Kilo 30 zilizokaa bila kufungwa nyuma ya kiti chako ni hatari breki za ghafla zikipigwa.

Angalia pia inveta yako inatoa wimbi la namna gani. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi, yaani volti zinazopanda na kushuka kwa kuruka, badala ya wimbi safi la saini, laini kama la umeme wa nyumbani. Chaja za simu huzivumilia, lakini mota ya blenda huvuma na kupata joto, maikrowevu hupika kwa unyonge, na baadhi ya chaja na mashine za kusaidia kupumua usingizini hukataa au huharibika. Kama utabadilisha inveta siku moja, sababu nzuri ni hiyo, na wati 1000 za wimbi safi zitakufaa kuliko 2000 za ngazi. Ipe nafasi ya kupumua, isizikwe chini ya magodoro. Na soketi zake uzitendee kama za nyumbani, kwa sababu volti 230 zinaua hata zikitoka kwenye betri: weka swichi ya kukata umeme unaovuja, na kamwe usichomeke inveta kwenye nyaya za gari ambazo pia hupokea umeme wa nje wa kambini, bila swichi ya kubadilishia. Umeme wa pande mbili ukikutana, inveta hufa siku hiyohiyo.

Sasa betri ya injini. Usiiguse. Imetengenezwa kwa bamba nyembamba nyingi ili itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja na alteneta. Ukiitumia kuendesha friji usiku, bamba hizo huharibika baada ya kushushwa mara chache tu, na asubuhi gari haliwaki mkiwa mbali na msaada. Zitenganishe betri hizi mbili kabisa, isipokuwa kupitia ile chaja ya betri-kwa-betri, ambayo hufanya kazi injini ikizunguka tu na kujifunga injini ikizimwa. Anza na fyuzi, kisha friji, kisha kebo. Hayo matatu yanamalizika mwisho wa juma mmoja. Ukishayafanya, pima tena kwa birika la wati 600, na uniandikie namba ulizosoma kwenye ncha za betri na za inveta. Kwa namba hizo nitaweza kukwambia kama AGM yako ina uhai wa msimu mwingine au la.